Maneno Saba Kwenye Tangazo la Fundi

Fundi hakukubali kutaja bei ya nyumba kabla hajanywa chai ndani yake. Hilo lilikuwa sharti, wala si adabu tu. Aliketi sebuleni, kikombe mkononi, macho darini, na mwenye nyumba akianza kumweleza kasoro alizoziona alinyamazishwa kwa kidole. "Ngoja kwanza, nyabo," alisema, yaani mama kwa Kiganda. "Nyumba inaongea. Wewe utaongea baadaye." Akimaliza chai aliinuka akagonga kuta moja moja kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Watu walicheka. Lakini akisema, "Hapa ndani iko maji," wakabomoa, walikuta bomba limeoza.

Tulipanga nyumba Kyebando, Kampala, mimi na yeye na mkewe, miaka sita, ua mmoja kati yetu. Alikuwa Mkenya aliyevuka mpaka ujanani kutafuta kazi, mimi binti wa askari polisi wa kaskazini, niliyelelewa kwenye kambi ambako Kiswahili ndicho tulichochezea na ndicho tulichogombania. Nilikuwa napiga taipu katika ofisi moja ya serikali kule Nakasero, basi akaniita Taipisti. Mimi nilimwita Fundi kama walivyomwita wote. Jina lake nalijua, ila sidhani nina haki ya kulitaja.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea. Si kosa la majirani, la kuku au la maji machafu. Liko neno nililopaswa kumwambia siku ya kwanza, nikalimeza, naye akabeba lawama isiyo yake mpaka ikamvunja. Nitalifikia. Kwanza nataka mumjue alivyokuwa, maana nikianza na kosa mtaniona mimi tu.

Alidharau kujenga nyumba mpya. "Kujenga mupya ni kazi ya mutu mwenye pesa," alisema. "Kutengeneza ni kazi ya mutu mwenye macho." Hakutaka wenye nyumba wahame wakati wa kazi. Alitengeneza chumba kwa chumba, watoto wakilia, mama akikaanga, na jioni alifagia vumbi lake mwenyewe. Ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hakuweza kuivumilia, kwa sababu kila mteja alimwambia, na kila mteja alidhani yeye ndiye wa kwanza.

Na nyumba yake je? Mganga hajigangi. Mvua ikinyesha nilisikia matone yakianguka kwenye beseni upande wa pili wa ua, na mkewe akipaza sauti makusudi nisikie: "Taipisti, unajua fundi yoyote hapa karibu?" Yeye alijibu kutoka ndani kwamba paa lile linasubiri zamu yake kama wateja wengine. Mlango wao ulifungwa kwa kamba mpaka siku Fundi alipohama.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna aliyeimba kwa nguvu kama yeye. Hakuwahi kupaka plasta juu ya ufa ili usionekane. Alisema huo ni uongo, na ukuta utakuja kukushtaki. Lakini simenti ilipoadimika madukani alinunua ya magendo kama sisi sote tulivyonunua sukari, akaificha chini ya kitanda, na nilipomtania kwamba mzee wa kanisa analala juu ya dhambi alinijibu bila kucheka: "Mungu anajua simenti iko wapi. Serikali ndiyo haijui."

Kabla ya hapo, miaka mingi, alikuwa nyapara kwa kontrakta mmoja Mhindi. Wahindi walipoamriwa kuondoka, tajiri wake alimwachia ngazi, pima maji moja, na mkono wa kwaheri. Fundi alilia siku ile. Nilimwona. Baadaye nyumba za Wahindi zikagawiwa watu wengine, wengi wao askari na jamaa zao, na haukupita muda mabomba yakaanza kuziba na ngazi kulegea, kwa kuwa waliojua wapi pa kufungia maji walikuwa wameshaondoka. Fundi ndiye aliyejua. Alikuwa ameyatandaza mabomba yale kwa mikono yake.

Mke wa sajenti mmoja alimwita Nakasero. Alikuwa na nyumba ya vyumba vikubwa na hakupata usingizi ndani yake. Mafundi wawili walikuwa wamemcheka. Fundi alikunywa chai yake, akaangalia, akamuuliza, "Nyabo, unaogopa nini?" Mama yule akasema, "Hapa iko nafasi ya watu wengi sana. Mimi nasikia wale wa kwanza bado wanatembea." Fundi hakumcheka. Alimgawanyia chumba cha kulala kwa ukuta wa mbao, akakipaka rangi ya maziwa, na akarudi baada ya wiki kumuuliza kama analala. Alikuwa analala.

Ndani ya nyumba ya mteja alinyamaza kama bubu. Akifika kwenye ua wetu, hapo sasa! Akiegemea mti wa ua alinisimulia kila msumari. Ndivyo nilivyojua habari za stoo ya Mwalimu.

Huyo Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mtu wa kaskazini, mrefu na mpole, akikaa na mkewe, Mama Apio, karibu na kisima chetu. Alimwita Fundi apake rangi na kubadilisha madirisha. Halafu akamwomba kitu kingine: stoo juu ya dari, ya kuweka vitabu vya shule na mahindi. Fundi alinisimulia kazi ile huku macho yanamng'aa. Ubao mmoja tu, juu ya kabati la chumbani, ulikuwa unasukumwa kwa kiganja. Hakuna bawaba, hakuna mstari, hakuna tundu. "Taipisti, hata mimi mwenyewe nikirudi kesho nitatafuta mlango mpaka nichoke!" Sikuwahi kumwona akijisifu hivyo kwa kazi nyingine.

Mwaka uliofuata akaamua kufungua kazi kwa jina lake, na mafundi watatu chini yake, na akataka itangazwe. Mkewe alimcheka. "Kizuri chajiuza, baba. Kibaya ndicho chajitembeza." Fundi alifikiri, kikombe kikapoa mkononi. "Kizuri inajiuza kama mutu anaiona," akasema. "Kazi yangu mimi nikiimaliza vizuri, hakuna mutu anaiona."

Jumapili baada ya ibada akaja kwangu kunisomea tangazo kutoka kichwani. Nasema kutoka kichwani kwa sababu Fundi alijua tarakimu zote za futi kamba lakini herufi hazikumwingia. Alitembea huku na huko chumbani mwangu, mikono mgongoni, akisema kwa kasi ya mvua, na mimi nikiandika kwa penseli na kuacha mengi, kwa kuwa alikuwa anachanganya bei ya misumari na habari za marehemu baba yake. Akafika kwenye nyumba alizokwisha kutengeneza. Ya Mwalimu akasema, "Rangi na madirisha," akapita. Nilipotaka kumsomea nilichoandika alikataa. "Mimi nimekuamini. Wewe andika vizuri, watu wasikie njaa ya kutengeneza nyumba yao."

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikatia stensili, karatasi ya kurudufia, kwenye mashine ya ofisi. Nakumbuka tangazo lote. Lilisema hivi:

"Ndugu wananchi, Fundi wa kurekebisha nyumba amefungua kazi yake mwenyewe hapa Kyebando. Nyumba yako imechoka? Usiihame. Paa linalovuja, ukuta uliopasuka, mlango unaogoma, bafu lisilopitisha maji: tunatengeneza chumba kwa chumba, wewe na watoto mkiwa ndani. Hatutaji bei kabla ya kuona. Waulize tuliowahudumia. Nyumba ya kasisi: paa lote. Nyumba ya mama wa vitambaa: ngazi na jiko. Nyumba ya Mwalimu Mkuu, karibu na kisima: rangi, madirisha, na stoo ya darini isiyoonekana kwa mgeni."

Maneno saba ya mwisho ni yangu. Fundi hakuyasema. Niliona orodha imekauka, nikakumbuka macho yake yalivyong'aa pale uani, nikadhani amesahau kazi yake iliyo bora. Nilitaka kumpa zawadi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilipenda sentensi nzuri, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu atake stoo isiyoonekana, katika mji ambao kila wiki mtu alikuwa anakwenda kazini na harudi.

Karatasi zikagawiwa. Fundi alizipeleka langoni mwa kanisa, madukani, na soko la Nakasero. Wateja wakaja. Mama mmoja alimfuata mpaka uani kwetu akipunga karatasi, kwa ulimi wake wa Kiganda: "Fundi, mimi paa rangu rinaria tangu Krisimasi!" Wiki mbili zile alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Alinunua shati jipya. Alinipigia saluti kila nikipita.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, mwalimu mmoja wa shule ya Mwalimu alichukuliwa na watu wa usalama. Tangu siku hiyo Mwalimu hakuonekana, na Mama Apio aliwaambia watu amekwenda kijijini kwao. Jumamosi asubuhi gari likasimama karibu na kisima, wakashuka wanaume watatu wasio na sare. Haya aliyasimulia Mama Apio mwenyewe. Mmoja alikuwa na karatasi yetu mkononi. Akaisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole, mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. "Haya, mama. Sisi iko wageni. Tuonyeshe."

Mama Apio hakuwaonyesha. Wakaanza kumpiga. Aliposikia mkewe anapigwa, Mwalimu alisukuma ubao akashuka mwenyewe. Aliomba avae viatu, wakamruhusu, akafunga kamba zote mbili pole pole. Wakamtia kwenye gari. Hakuonekana tena, wala hakuna aliyepewa maiti ya kuzika.

Mimi nilikuwa nafua nguo habari iliponifikia, na aliyenipa alimalizia kwa karatasi: "Walikuwa na lile tangazo la Fundi." Niliendelea kufua. Nilifua shati moja mpaka mikono ikachubuka, kwa sababu nilijua nikisimama nitapiga kelele na kelele ile itaniuliza jambo.

Siku ya pili wakamchukua Fundi. Walimweka siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa amekonda, amevaa shati la mtu mwingine, na vidole vya mkono wa kulia vimevimba. Alikuja kwenye ua kama zamani, akaegemea mti uleule.

"Walitaka kujua nimetengeneza stoo kama ile wapi tena," akasema. "Na walitaka jina la mutu alipiga taipu. Nikasema ni mutu wa barabarani tu, Nakasero, simujui. Wakanipiga. Nikasema simujui." Akaegemea mti vizuri. "Wewe usiogope, Taipisti."

Nikamwambia, "Asante, Mzee."

"Mimi nilijua ile stoo si ya mahindi. Mutu hatengenezi mahindi mahali ya kulala. Siku ile nikija kwako nilijiambia, hii usiseme. Na mimi nilifikiri sikusema, banange. Nilijisikia nimenyamaza." Akajigusa midomo kwa vile vidole vilivyovimba. "Kumbe nimesema. Wewe uliandika tu. Ni huyu mdomo."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Neno lilikuwa limenijaa kinywani. Nikasema, "Pole, Mzee." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mwanzo niliwaogopa wale watu na gari lao. Woga ule ulikuwa na sababu, na sitaki mtu yeyote ambaye hakuishi miaka ile aniambie nilipaswa kuwa shujaa. Lakini baada ya muda sikuwa nawaogopa wao tena. Nilikuwa namwogopa Fundi, jinsi atakavyonitazama. Woga huo ulikuwa wangu tu, na ndio uliokaa muda mrefu zaidi.

Vidole vyake vilipona. Yeye ndiye hakupona. Aliwagawia mafundi wake vyombo, mwiko, nyundo, pima maji, vyote, na wateja waliokuja na karatasi aliwarudisha mlangoni. Kanisani aliacha kuimba. Akaenda kwa Mama Apio akapiga magoti mbele ya watu, akasema mdomo wake ndio uliomuuza mumewe. Mama Apio alikuwa anapepeta ulezi. Hakumfukuza, aliendelea kupepeta, na Fundi akainuka akaondoka. Nilikuwapo. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda kumpa pole, na mkono wangu ulikuwa begani kwa mjane.

Baadaye Wakenya wakaanza kusakwa mjini, na mkewe akamsihi warudi kwao. Walibishana siku tatu, nikiwasikia. "Mimi siwezi kuvuka mpaka na kuacha kosa yangu hapa," alimwambia. Mke akaondoka peke yake, akilia, na kitanda chao kikauzwa. Fundi akahama Kyebando. Nilisikia amekwenda upande wa Luzira, sikusikia zaidi, na Mungu anisamehe, nilipumua.

Miaka mitatu ikapita. Serikali ikaanguka, watu wakaimba barabarani, na baba yangu, polisi mzee aliyekuwa akingoja kustaafu, akakamatwa pamoja na askari wengine wa serikali ile akawekwa gereza la Luzira. Kila Jumatano nilimpelekea chakula. Siku nyingine niliruhusiwa kumwona, siku nyingine nilirudi na sufuria yangu. Nilijifunza mwanamke anavyosimama langoni akisoma nyuso za walinzi. Nilimfikiria Mama Apio, ambaye hakupewa hata lango la kusimama.

Jumatano moja, nikitoka gerezani, nikapita mbele ya ghala moja kwenye barabara ya kuelekea bandarini. Mlinzi wa geti aliinuka kwenye kibao chake akanipigia saluti. Alikuwa Fundi. Mvi zimemjaa, koti la ulinzi limemzidi mabega.

"Taipisti! Wewe bado uko hai?"

Tuliulizana habari. Alikuwa na furaha kuniona, furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Nyuma yake ukuta wa ghala ulikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini. Nikamuuliza kwa nini hauzibi. Akasema, "Mimi niliacha kazi ya nyumba. Unajua sababu."

"Sababu hiyo si kweli, Mzee," nikasema. Nikamwambia. Nilisimama juani na sufuria tupu mkononi nikamwambia yote: penseli, stensili, orodha niliyoona imekauka, zawadi niliyotaka kumpa.

Hakuonekana kuelewa. "Sema tena ile maneno."

"Na stoo ya darini isiyoonekana kwa mgeni."

"Mimi sikusema?"

"Hukusema."

"Hata mara moja? Hata kwa kupita?"

"Ulisema rangi na madirisha. Halafu ukanyamaza."

Alikaa chini. Alifunika mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo muda mrefu, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama analia au kama anacheka. Alipoondoa mkono uso ulikuwa mwingine. Hakuwahi kunitazama vile, na ndivyo hasa nilivyokuwa nimeogopa miaka yote ile.

"Mimi nilipigwa kwa jina yako," akasema pole pole. "Hiyo sawa. Hiyo nilichagua mwenyewe. Lakini mke wangu alienda. Mikono yangu nimeifunga kama ya mwizi. Kila siku nauliza Mungu, kwa nini ulinipa mdomo. Na wewe ulikuwa unakaa hapo tu, kwa ua, unasikia?"

"Nilisikia."

"Yule mama anajua?"

"Hajui."

Akasimama. Akamwita mlinzi mwenzake ashike geti, akavua koti la ulinzi, akalikunja. "Twende," akasema.

Tulipofika Kyebando ilikuwa alasiri. Fundi alipiga hodi, Mama Apio akatoka akifuta mikono kwa kanga. Fundi akasema, "Mama Apio, mimi sikuja kuomba kitu. Huyu ana neno." Akarudi nyuma, akasimama mbali, uani, kofia mkononi.

Mama Apio hakuniuliza neno gani. Alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, nimesikia baba yako ameshikwa. Pole sana. Mimi namwombea kila asubuhi. Wanakuruhusu kumwona?"

Nikasema ndiyo, nimemwona leo. Kisha nikamwambia yaliyobaki.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniachia mikono. Nilipomaliza aliiachia, mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama mtu anayetua kitu asikivunje. Hakunitukana. Alinipita, akatazama uani alikosimama yule mzee, na sauti yake ikavunjika alipomwita.

"Fundi," akasema. "Fundi, ingia ndani."

Fundi akavua viatu, akainama kidogo mlangoni, akaingia. Mama Apio akamfuata. Nilisikia akimvutia kiti, nikasikia wote wawili wakianza kulia. Nilingoja pale nje na sufuria yangu mpaka nikaelewa kwamba mimi sikuitwa, nikaenda nyumbani.